Toba ya Majilio: Kumrudia Anayekuja

Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kuingojea Noeli, mtu aliyezoea Misa husikia pengo. Wimbo wa Utukufu, ule unaoanza kwa maneno ya malaika wa Bethlehemu, hauimbwi. Padre amevaa zambarau, rangi ileile ya Kwaresima. Unajiandaa kwa kipindi cha majonzi, mara kabla ya Injili Aleluya inapaa kama Dominika nyingine yoyote, jambo ambalo katika Kwaresima halifanyiki kabisa. Wimbo mmoja wa furaha umenyamazishwa, mwingine umeachwa uimbwe.

Ndani ya jambo hilo dogo umejificha mkanganyiko mkubwa. Kila mwaka waamini hugawanyika kimyakimya. Wapo wanaosema Majilio ni ya kuifurahia Noeli inayokaribia, na mambo ya toba yangoje Kwaresima. Wana ushahidi wao: Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 1250, zinataja siku za toba kwa Kanisa lote kuwa ni kila Ijumaa ya mwaka pamoja na Kwaresima. Majilio hayamo. Kanuni za kalenda ya liturujia za mwaka 1969 nazo zinakieleza kipindi hiki kuwa cha uchaji na matazamio yenye furaha. Wa upande wa pili hujibu kwa kufungua kitabu cha masomo. Dominika ya pili na ya tatu, katika miaka yote mitatu ya mzunguko wa masomo (A, B na C), anayesimama mbele yetu ni Yohane Mbatizaji, na hotuba yake tunaijua: “Tubuni, kwa maana ufalme wa mbinguni umekaribia.”

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakutana katika kosa moja. Zote zinadhani toba ni huzuni. Mmoja anaikataa kwa sababu hataki kuhuzunika kabla ya sikukuu, mwingine anaitaka kwa sababu anaona sikukuu bila huzuni ya kutosha ni mzaha. Wakati neno lenyewe, kabla hujaligusa kwa theolojia yoyote, halizungumzii huzuni hata kidogo.

Neno na safari yake

Sisi tunaosema Kiswahili tumebahatika hapa kuliko tunavyojua. “Toba” tumeipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kurudi. Ni ndugu wa neno la Kiebrania shuv, ambalo manabii walilitumia walipowaita Waisraeli: rudini. Ni neno la njiani, la mtu aliyepotea akageuza miguu. Anaweza kugeuka akilia, anaweza kugeuka akiwa na hofu, anaweza hata kugeuka akiimba. Kinachomfanya awe ametubu ni upande anaoelekea.

Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, likatumia metanoia, yaani kugeuka kwa nia na fikra. Tafsiri ya Kilatini iliyotawala Magharibi kwa karne nyingi ikaliweka agizo la Yohane kuwa paenitentiam agite, na masikioni mwa wengi likawa “fanyeni kitubio”: funga, sali idadi fulani ya sala, timiza adhabu uliyopewa. Mwaka 1516 msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki, wasomi waliona wazi kwamba neno la asili lilikuwa pana kuliko tendo la kitubio. Mwaka uliofuata Martin Luther akaanza hoja zake 95 na jambo hilohilo: Bwana aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Huhitaji kuwa Mlutheri kukubali sentensi hiyo.

Majuto ni kitu kingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye, na ndivyo yalivyo: yanafika jambo likiwa limekwisha, yanakaa yameelekeza uso jana. Toba huanzia humo mara nyingi, sikatai. Lakini mtu anaweza kujuta miaka ishirini bila kurudi popote. Anaweza hata kuyapenda majuto yake, akayalea, kwa kuwa kujuta ni rahisi kuliko kwenda kubisha hodi.

Sasa weka maana hii ya kurudi ndani ya Majilio, uone kinachotokea. Majilio, kama neno la Kilatini adventus, ni ujio: kuna mtu anakuja. Kutubu katika kipindi hiki ni kugeuka na kumkuta uliyekuwa unamrudia naye yuko njiani kuja kwako. Hapo ndipo ninapoona sababu ya Utukufu kunyamaza na Aleluya kuendelea. Tunanyamaza kwa sababu hatujafika. Tunaimba kwa sababu anakuja.

Mito miwili

Historia nayo inasaidia kueleza kwa nini kipindi hiki kina sura mbili. Mtaguso mdogo, yaani mkutano wa maaskofu, uliokutana Zaragoza, Hispania, mwaka 380, uliwaagiza waamini wasikose kanisani kuanzia tarehe 17 Desemba hadi Epifania, yaani sikukuu ya Tokeo la Bwana. Karne iliyofuata, Askofu Perpetuus wa Tours, katika nchi tunayoiita leo Ufaransa, aliagiza mfungo wa siku tatu kwa juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, mpaka Noeli. Watu wakauita Kwaresima ya Mtakatifu Martino. Roma kwa upande wake ilikuwa na desturi fupi zaidi, iliyotazama zaidi furaha ya kuzaliwa kwa Bwana. Mito hiyo miwili, wa mfungo na wa matarajio, ilikuja kuungana, na sisi tunakunywa maji yaliyochanganyika. Makanisa ya Mashariki yalibaki na mfungo wao: Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya Noeli.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo waamini wengi hawaligundui. Mpaka tarehe 16 Desemba, masomo ya Majilio hayazungumzi sana kuhusu mtoto wa Bethlehemu. Yanazungumza kuhusu mwisho: mwizi ajaye usiku, siku za Nuhu, watumishi wanaokesha. Ni kuanzia tarehe 17 ndipo macho yanageuzwa kumwelekea Maria, Yosefu na hori. Liturujia inaanza na mwisho, kisha inarudi mwanzoni. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, aliongeza ujio wa tatu kati ya hiyo miwili: Kristo alikuja katika mwili, atakuja katika utukufu, na katikati anakuja rohoni mwa mtu, pasipo kuonekana. Toba ya Majilio ni habari ya ujio huu wa katikati. Wa kwanza umekwisha kutokea bila kungoja ruhusa yetu, wa mwisho utatokea vilevile. Huu wa katikati ndio unaosimama mlangoni ukibisha.

“Tufanye nini?”

Hebu tukae kidogo na Yohane, maana yeye ndiye mwalimu wa kipindi hiki na mara nyingi tunamsikiliza nusu. Tunakumbuka manyoya ya ngamia, nzige na ule ukali: “Enyi wazao wa nyoka.” Tunasahau sehemu inayofuata katika Injili ya Luka, sura ya tatu. Watu wamechomwa moyo, wanauliza swali la maana kuliko yote: “Tufanye nini basi?”

Ungetegemea nabii wa jangwani awaambie waje nao wavae manyoya. Hawaambii hivyo. Hawaambii walie, wala hawapangii siku za kufunga. Anawajibu kwa vitu vya kushikika. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye vyakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wanakuja, watu waliochukiwa kwa kujitajirisha kwa jasho la wenzao, na anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wanauliza, anawaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao.

Tazama alivyo makini. Kila kundi limepewa toba ya mahali lilipokosea. Mtoza ushuru alikosea kwenye hesabu, basi atatubu kwenye hesabu. Askari alikosea kwa kutumia nguvu alizokabidhiwa, atatubu palepale mkononi mwake. Yohane hakumruhusu yeyote atubu kwa dhambi za jirani, wala atubu kwa ujumla. Na ujumla ndio maficho yetu tunayoyapenda. “Sisi sote ni wakosefu” ni kweli tupu, lakini mara nyingi husemwa na mtu asiyetaka kutaja kosa moja kwa jina lake.

Katika mwaka C wa mzunguko, Injili hii ya kanzu na ushuru husomwa Dominika ya tatu ya Majilio, ile ya vazi la waridi, ambapo Mtume Paulo anawaambia Wafilipi: “Furahini katika Bwana sikuzote.” Siku ya furaha imepewa Injili ya toba, nayo inafunga kwa Luka kusema kwamba kwa maonyo hayo na mengine mengi Yohane aliwahubiri watu Habari Njema. Shoka limewekwa kwenye shina la mti, makapi yanangoja moto, na Luka anaita hayo yote Habari Njema. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisoma tena nikidhani nimekosea mstari.

Ya kweli na ya mdomoni

Tufike kwenye fundo lenyewe. Mtu atajuaje kwamba toba yake ni ya dhati? Machozi si kipimo: wapo wanaolia kwa urahisi na wapo wasioweza kulia hata wakizika. Maneno pia hayatoshi, na Biblia inalionyesha hilo kwa ukali wa kutisha. Farao alisema nimekosa, mvua ya mawe ikiwa inampiga. Mvua ilipokoma, moyo wake ukawa mgumu tena. Mfalme Sauli alisema nimekosa, na mfalme Daudi alisema nimekosa. Ni neno moja, lakini mmoja alikataliwa na mwingine akapewa jibu kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake.

Nimewarudia Sauli na Daudi mara nyingi, kwa sababu ukipima ukubwa wa makosa tu, Daudi ndiye mbaya zaidi. Sauli aliacha kondoo na ng'ombe wa Waamaleki, aliotakiwa kuwaangamiza, pamoja na mfalme wao. Daudi alichukua mke wa askari wake, kisha akapanga askari huyo auawe vitani. Lakini msikilize Sauli akiongea na Samweli katika 1 Samweli 15. Kwanza anasema ametii. Halafu anasema ni watu ndio walioacha mifugo, tena kwa ajili ya kumtolea Mungu sadaka. Halafu anakiri, lakini kwa kuwa aliwaogopa watu. Mwisho anakiri tena, na papo hapo anaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Kila ungamo lake lina mkia. Daudi, nabii Nathani alipomwambia “Wewe ndiwe mtu huyo,” alijibu sentensi moja fupi kwamba amemfanyia Bwana dhambi, akanyamaza. Na alipoambiwa kwamba amesamehewa lakini mtoto atakufa, hakusema basi msamaha huo una faida gani.

Kwa hiyo ukitaka kupima ungamo lako, angalia kinachofuata baada ya “nimekosa”. Kikiwa “lakini”, bado unajitetea. Lipo pia neno dogo linalotangulia, “kama”. “Kama kuna mahali nilikukosea, naomba unisamehe.” Tunaliandika kila mwisho wa mwaka na kulituma kwa watu mia kwa mpigo, na sina shaka wengi wanalituma kwa moyo mwema. Lakini sentensi hiyo inamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Mwenye kutubu kweli anajua alimkosea nani, lini, na kwa neno lipi.

Kipimo hiki nacho kina shimo, na itakuwa udanganyifu nisipolionyesha. Yuda Iskariote hakusema “lakini”. Mathayo anasimulia kwamba alijuta, akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha kwa wakuu wa makuhani, akakiri kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Hesabu mwenyewe: majuto yapo, ungamo lipo, fidia ipo. Ukimpima kwa karatasi amefanya zaidi ya Petro, ambaye baada ya kumkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa alichofanya ni kutoka nje na kulia. Tofauti ni kwamba Yuda alirudisha fedha kwa makuhani na hakurudi kwa Yesu. Petro alibaki na wenzake, na siku ile kando ya ziwa, mbele ya moto mwingine wa makaa ambao Yohane mwinjili hakuutaja bure, alijitupa majini kumfuata Bwana kabla hata mashua haijafika. Kanisa halijawahi kutamka hukumu juu ya roho ya Yuda, nami sitathubutu. Ninachokiona ni kwamba unaweza kuwa na vipande vyote vya toba mkononi na bado ukakosa kurudi.

Tunapotofautiana, tunapokutana

Madhehebu yamebishana sana hapa, na ni haki msomaji ajue wanabishana nini. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliwataka waamini waungame walau mara moja kwa mwaka. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba matendo ya mwenye kutubu ni matatu: majuto, maungamo na malipizi, yaani kutengeneza kosa lililofanyika. Ukatofautisha pia majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu, na yasiyo kamili, yanayotokana na kuogopa adhabu au kuuona ubaya wa dhambi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wanalishika, linasema toba ina sehemu mbili: majuto, na imani inayopokea msamaha kwa ajili ya Kristo. Kisha matendo mema yanafuata, kama matunda. Makanisa mengine hayana maungamo ya faragha kwa mchungaji, mtu anaungama moja kwa moja kwa Mungu au pamoja na kusanyiko zima.

Ukichimba, ugomvi ni kuhusu mahali pa kuweka matengenezo ya kosa: ndani ya toba au baada yake? Si swali dogo, maana linagusa kama msamaha unapewa bure. Wasiwasi wa Waprotestanti ni kwamba mtu asije akadhani ananunua msamaha kwa malipizi. Wasiwasi wa Wakatoliki ni kwamba mtu asije akadhani amesamehewa huku mali ya mwenzake imo bado mfukoni mwake. Nadhani kila upande unamlinda mwamini dhidi ya hatari ya kweli. Na hakuna upande unaosema kwamba mali hiyo inaweza kubaki mfukoni.

Kuhusu kipi kinatangulia, toba au huruma, mfano wa mwana mpotevu unanitosha. Kule kwenye nguruwe kijana alitunga hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Baba akamwona angali mbali, akaenda mbio. Kijana akaanza hotuba, akasema ya kwanza na ya pili. Ya tatu haikutamkwa, baba alikuwa tayari anaagiza joho na pete. Aliyerudi alikuwa amesafiri njia ndefu, lakini sehemu ya mwisho ya njia hiyo ilikimbiwa na mwingine.

Sehemu inayouma

Hapa naomba kusema la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsema vibaya mwenzangu kazini. Yalikuwa maneno ya kweli nusu na uongo nusu, yale ambayo ni mabaya kuliko uongo mtupu kwa sababu yanaaminika. Watu wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Niliungama dhambi hiyo Majilio ya mwaka ule. Nikaungama tena Kwaresima. Majilio yaliyofuata nikarudi nayo, nikamwambia padre kwamba nimeileta mara mbili tayari na moyo hautulii. Nilitarajia anifariji. Akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, Mungu ulishamwendea. Huyo mwenzako umemwendea?”

Sheria ya Musa ilikuwa imeshasema hivyo zamani. Katika kitabu cha Walawi, aliyemdhulumu jirani yake alitakiwa kurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, na utaratibu unavutia: anamrudishia mwenyewe kitu chake, ndipo analeta sadaka kwa kuhani. Yesu aliliweka wazi zaidi. Ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale, uende ukapatane naye kwanza. Zakayo hakungoja kuambiwa: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyenyang'anywa kwa hila arudishiwe mara nne.

Fedha ina unafuu kwamba inahesabika. Jina la mtu halihesabiki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inasema wajibu wa kutengeneza unahusu pia makosa dhidi ya sifa njema ya mtu, na kwamba msamaha uliopatikana hauuondoi wajibu huo. Nilikuwa nikiisoma kama mtu asomaye sheria za nchi nyingine.

Yapo mazingira magumu kweli. Uliyemkosea amekufa, au hajulikani aliko. Basi warithi wake wapo, na wakikosekana, maskini wapo, na kumwombea marehemu ni njia iliyo wazi. Wakati mwingine kwenda kukiri kungemletea aliyekosewa jeraha jipya ambalo hakulijua, na hapo mtu asikimbilie kusema kila kitu. Wapo wanaokiri ili kuutua mzigo wao begani mwa mwingine, na hiyo ni dhuluma ya pili. Tafuta mchungaji au muungamishi mwenye busara, mweleze kabla hujaenda. Lakini nimegundua, kwangu mwenyewe kwanza, kwamba mazingira magumu ni machache kuliko visingizio.

Swali jingine linalowatesa wengi: nikianguka tena, je, toba yangu ilikuwa ya uongo? Si lazima. Nia thabiti ya kutorudia dhambi ni uamuzi wa leo, si utabiri wa kesho. Petro aliyelia usiku ule aliyumba tena baadaye kule Antiokia, mpaka Paulo akamkabili uso kwa uso. Kinachoitia shaka toba ni kuacha mlango wa dhambi wazi kwa makusudi: namba ya simu ambayo hukutaka kuifuta, deni la hila ulilolibakiza kidogo, chuki uliyoiombea msamaha huku ukiitunza. Mtakatifu Agostino alikuwa bingwa wa hilo ujanani. Alimwomba Mungu usafi wa moyo, akaongeza: ila si sasa. Mwaka 386, bustanini Milano, alifungua nyaraka za Paulo, macho yake yakaangukia Warumi sura ya 13, pale Mtume anaposema tuenende kwa adabu kama ilivyohusika na mchana, tumvae Bwana Yesu Kristo. Mistari hiyo ni sehemu ya somo la pili la Dominika ya kwanza ya Majilio katika mwaka A. Mstari unaoitangulia unasema usiku umeendelea sana, mchana umekaribia. Aliyesema “si sasa” alijibiwa na somo la Majilio.

Kipindi chenyewe ni kifupi kuliko kinavyoonekana. Majilio yanaanza Dominika inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo yanaweza kuwa na siku 28, kama mwaka 2022, au siku 22 tu, kama mwaka 2023. Mwaka huo wa 2023 Dominika ya nne iliangukia tarehe 24 Desemba. Asubuhi watu waliwasha mshumaa wa nne wa Majilio, jioni wakarudi kwa Misa ya mkesha wa Noeli. Aliyekuwa amepanga kutubu juma la mwisho alikuta juma hilo lina saa chache.

Mimi nilimwendea mwenzangu siku mbili baada ya lile ungamo la tatu. Sikusema “kama”. Nilimtajia maneno niliyoyasema, na niliyasemea wapi. Alinisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya muda uliotosha kunifanya nitamani kuondoka. Kisha akasema amenisamehe, na akaniuliza swali moja: “Na wale uliowaambia?”

Walikuwa watatu. Jioni hiyohiyo nilimpigia simu wa kwanza.